Tuliiga Kufuli, Hatukuiga Mfuko



Jumapili moja, Misa ilipokwisha, tulisimama barazani pa kanisa tukingoja mvua ipite. Mazungumzo yakageukia magonjwa, na kutoka magonjwa yakafika mwaka wa korona. Bwana mmoja mwenye mshahara wa kila mwezi akasema: «Mwaka 2020 serikali ilifanya vema sana kuyafunga malewa na nganda. Waliolalamika ni walevi na wapenda faida tu. Sisi wengine hatukupungukiwa na kitu.» Watu wakacheka. Mama mmoja mjane, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, hakucheka. Alijifunika kitenge chake kichwani akatoka, mvua ikinyesha.

Twamfahamu mama huyo, na twafahamu kwa nini alichagua mvua. Ndiyo sababu twaandika maneno haya, sisi makatekista tunaotembea vijijini katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Bwana yule hakusema uongo aliposema kwamba yeye hakupungukiwa. Kosa lake ni kudhani kwamba asichopungukiwa yeye hakuna aliyepungukiwa nacho. Wazee wetu walikwisha kusema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi tuyakumbuke mambo kwa utaratibu. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa. Jioni ya tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alisema na taifa. Shule zikafungwa, ibada zikasimamishwa, mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Na pamoja na hayo zikafungwa nganda, terasi, kahawa na restora zote. Tarehe 21 Machi Rwanda ikaufunga mpaka wake kwa wasafiri, na akina mama waliozoea kuvuka kila asubuhi kati ya Goma na Gisenyi na vikapu vyao wakabaki wamesimama. Tarehe 24 Machi ikatangazwa hali ya dharura katika nchi nzima. Amri ya kufungua nganda na restora ilikuja tarehe 22 Julai, na makanisa yakangoja hata tarehe 15 Agosti. Toka Machi hata Julai ni miezi minne. Miezi minne si kitu kwa mwenye ghala. Kwa mwenye kununua unga wa leo kwa fedha ya jana, ni umri mzima.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa ya bure, wala hatuucheki ugonjwa. Mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini ulikuwa bado katika msiba wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Hata Pinga, katika Walikale, iliguswa mwaka 2019. Aliyeona jamaa yake akizikwa na watu waliovaa nguo za mpira hawezi kuidharau amri ya waganga. Tena wakati ule hakuna aliyejua korona itakwenda hata wapi. Mkubwa anayelinda maisha ya watu atimiza wajibu wake, nasi tulitii, tukawafundisha wengine kutii.

Neno letu ni jingine. Twauliza: gharama ya ulinzi ule aliilipa nani?

Tutazame kwanza malewa ni kitu gani. Mtu wa ofisi aona mabenchi mawili, meza, sufuria tatu na moshi. Akipita aona uchafu. Asipopita haoni kitu. Lakini sufuria moja ya maharagwe yalisha nyumba nyingi kuliko zile zinazokula kutoka humo. Yuko mkulima wa Masisi aliyeuza maharagwe na viazi. Yuko mama aliyetwanga sombe alfajiri. Yuko kijana wa makala aliyeshuka mlima na gunia mgongoni au juu ya chukudu. Yuko mwenye butiki aliyeuza chumvi, mafuta na sabuni ya kuoshea sahani. Tena wako wanaokula: motari, dereva wa lori, mchimbaji wa mawe, mwalimu asiye na mke, msafiri aliyekwama kwa sababu ya matope. Ukiufunga mlango wa malewa, umeifunga milango ya hao wote, ingawa amri haikuwataja.

Ndivyo ilivyotokea kwa butiki zetu. Amri haikusema kwamba butiki za vijijini zifungwe. Zilifungwa na barabara, na mifuko mitupu ya wateja. Twajua jinsi bidhaa zifikavyo Walikale: kwa lori linalolala njiani siku nyingi, kwa pikipiki iliyobeba kuliko nguvu zake, na zamani kwa zile ndege ndogo zilizozoea kutua juu ya barabara pale Kilambo. Huko vijana wengi wamo mashimoni wakitafuta kasiteriti, na chakula kingi chatoka mbali. Safari zikizuiwa, chumvi yapanda bei Mubi na Njingala kabla ya watu kusikia habari kwa redio. Mnunuzi wa mawe asipofika, mchimbaji hana kitu. Mchimbaji asipokuwa na kitu, butiki yauza kwa deni. Butiki ikiuza kwa deni mwezi mmoja, mwezi wa pili haina cha kuuza. Na tangu mwanzo wa 2020, dola ilipokuwa karibu franga 1,700, hata mwisho wa mwaka ule ilipokaribia 2,000, kila mwenye butiki aliyelipwa deni lake kwa franga alilipwa pungufu ya alichokopesha.

Mchuuzi mdogo ana mtaji wa mzigo mmoja. Auza mzigo, ala faida, arudi kununua mzigo mwingine. Siku anapoanza kuula mtaji wenyewe, biashara imekwisha kufa, ingawa mlango bado una kibao chake.

Sasa tuseme habari za mama yule. Malewa yake yalikuwa kando ya barabara. Aliachiwa na marehemu mumewe watoto watano na shamba dogo, akaanza kwa sufuria moja ya kuazima. Kwa miaka kadhaa alipika bugali, maharagwe na sombe, na siku ya soko nyama ya mbuzi. Alikuwa katika likelemba ya akina mama kumi. Kwa zamu yake alinunua mabenchi, kisha sufuria kubwa, kisha akalipa shule ya mtoto wa kwanza. Hakuwa tajiri, wala hakuomba mtu kitu.

Amri ilipofika alifunga siku ile ile. Mwezi wa kwanza walikula unga na maharagwe ya akiba ya kazi. Mwezi wa pili likelemba ilivunjika, maana wenzake saba kati ya kumi walikuwa wauzaji kama yeye, na asiyeuza hatoi. Mwezi wa tatu aliuza mabenchi. Mwezi wa nne aliuza sufuria kubwa. Mwenye nyumba, Mkristo mwenzetu, alikuja kila mwisho wa mwezi kudai kodi ya chumba kilichofungwa. Tarehe 22 Julai ruhusa ya kufungua ilipotoka, ruhusa alikuwa nayo, sufuria hakuwa nayo. Mtu akiuza sufuria ya kazi, ameiuza na kesho yake.

Alibakiwa na daftari. Humo mlikuwa na majina ya waliokula kwake kwa deni kabla ya Machi, na wengine aliowapelekea chakula nyumbani baada ya kufunga, kwa kuwahurumia. Alipoanza kudai, mmoja alimwambia: «Mama, si unajua kulikuwa na korona?» Kana kwamba korona iliwapata wadeni peke yao! Tuseme ukweli wote: majina mengi yalikuwa ya watu wa mashirika yetu, wanaosali pamoja naye kila juma. Na jina la mmoja wetu sisi makatekista lilikuwamo. Alilipa, lakini alichelewa, na kuchelewa kwake kulikuwa sehemu ya sufuria ile.

Wakati mama huyo anauza sufuria, nchi nyingine zilifanyaje? Maana amri ya kufunga hatukuizua sisi. Ilitoka mbali, nasi tukaifuata. Ufaransa ilifunga restora na kahawa zake usiku wa tarehe 14 Machi 2020. Lakini serikali ile ile iliyofunga ikachukua mzigo wa mishahara ya wafanyakazi walioketi nyumbani, na wenye biashara ndogo wakaweza kupata hata euro 1,500 kwa mwezi kutoka mfuko wa mshikamano. Uingereza ilifunga, kisha ikalipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, hata pauni 2,500 kwa mwezi. Huko nako wengi waliumia, na wengi hawakufungua tena. Hata hivyo waliofunga walijua kwamba mlango ukifungwa kwa ajili ya wote, wote yawapasa kuulipia.

Mtu atasema: hao ni matajiri. Vema, tuwatazame jirani. Rwanda, iliyowafungia watu wake ndani toka 21 Machi hata mwanzo wa Mei, iligawa chakula nyumba kwa nyumba kwa waliokosa kazi ya kila siku. Uganda ilianza tarehe 4 Aprili 2020 kugawa unga na maharagwe kwa maskini wa Kampala. Hatusemi kwamba vilitosha, wala kwamba vilifika kwa kila mtu. Twasema kwamba mtawala aliyefunga alikiri mbele ya watu wake: nimekuzuia kula, basi nakudai uvumilivu nami nadaiwa unga.

Na kwetu? Ilitangazwa kwamba maji na umeme vitakuwa bure kwa miezi miwili. Tulipoisikia habari hiyo tulitazamana. Nani kijijini kwetu ana mita ya SNEL? Nani ana bomba la REGIDESO? Maji yetu hutoka katika chemchemi ya mlima, nayo yalikuwa bure tangu Mungu alipoumba mlima. Taa yetu ni tochi, na betri hazikupewa bure. Kisha tukasikia kwamba tarehe 22 Aprili 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi yetu zaidi ya dola milioni 363. Fedha hizo zilitolewa kwa kuitegemeza hazina, nasi hatumshtaki mtu. Lakini deni la taifa hulipwa na taifa zima, na mama wa malewa ni mmoja wao. Amekopewa pasipo kuona hata kijiko.

Ndiyo maana twasema: tuliiga kufuli, hatukuiga mfuko.

Twajua majibu yatakayotolewa. Tuyapime moja moja.

Wa kwanza atasema: «Serikali haikuweza kuwasaidia wachuuzi, maana haiwajui, ni wengi, hawana ofisi wala hesabu.» Je, haiwajui? Sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 juu ya biashara ndogo yamtaka mchuuzi awe na patanti. Mwenye kuitoza aujua mlango wake, aujua mwezi wake, na asipomkuta asubuhi atarudi jioni. Ushuru wa soko nao una watu wake, katika usheferi wa Bahunde na wa Bashali, katika sekta za Osso-Banyungu na Katoyi, na huko Walikale katika sekta za Wanyanga na Bakano. Wote hao huwajua wachuuzi barabara kila siku ya soko. Basi daftari liliyotosha kwa kutoza, kwa nini halikutosha kwa kusaidia? Jicho gani hilo linaloona siku ya kuchukua tu, na siku ya kutoa limepofuka?

Wa pili atasema: «Hata kama tunawajua, hazina ni tupu.» Tukubali kwamba ni tupu. Kutochukua hakuhitaji hazina. Patanti ni ya miezi kumi na miwili. Mlango ulifungwa kwa amri miezi minne. Theluthi ya patanti ya mwaka 2020 haikuwa halali ya mtu mwingine. Ilikuwa ya mwenye mlango. Kumrudishia, au kumhesabia mwaka uliofuata, kungehitaji kalamu na muhuri tu. Hali kadhalika vizuizi vya njiani. Wachunguzi walipohesabu vizuizi hivyo mwaka 2017, walivikuta 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kila gunia la viazi lishukalo Masisi, kila katoni ya sabuni ipandayo Walikale, yalipa na kulipa tena. Ugonjwa ulifunga shule, ulifunga makanisa, ulifunga mpaka. Kamba za barabarani haukuzifunga. Mtu mwenye kiu ya kuokoa maisha angeanza kwa kuzikata hizo, walau kwa miezi minne.

Wa tatu atasema: «Afya kwanza, aliyekufa hali.» Neno jema, nalo twalikubali. Lakini njaa nayo ni ugonjwa, na dawa yake haipatikani zahanati. Tena sisi watu wa mkoa huu hatukuwa wanafunzi wapya wa magonjwa. Wakati wa Ebola tulijifunza njia nyingine. Masoko mengi yalibaki wazi; penye kuingia paliwekwa ndoo ya maji na dawa, mtu akanawa mikono, akapimwa homa, akaingia. Njiani vilevile abiria walishuka, wakanawa, wakapimwa, wakaendelea. Tulikuwa tunayafanya hayo bado mwezi ule ule korona ilipofika. Je, haikuwezekana kumwambia mama wa malewa: toa mabenchi nje, weka ndoo mlangoni, uza chakula cha kuchukua, watu wasikae? Kwa yale tuyaonayo sisi, hakuna aliyemjia kumwuliza. Amri ilipimwa kwa Kinshasa, penye nyumba zenye ghorofa na watu mamilioni, ikavikwa kijiji chenye nyumba arobaini. Kanzu ya mtu mzima haimfai mtoto.

Wa nne ni wa nyumbani mwetu, na tumemsikia hata sakristiani. Yeye asema: «Nganda ni mahali pa dhambi, heri zifungwe milele.» Ndugu, ulevi ni dhambi mwaka wa korona na mwaka usio na korona, nasi tutauhubiri siku zote. Lakini amri iliyataja malewa na nganda kwa pumzi moja, na msafiri anayetaka sahani ya maharagwe si mlevi. Pia je, ulevi ulikwisha? Wote mnajua ya kuwa haukukwisha. Mlango wa mbele ulipofungwa, wa nyuma ulifunguliwa. Watu walikunywa kasiksi na lotoko gizani, wamebanana chumbani, mahali pabaya zaidi kwa ugonjwa kuliko terasi yenye upepo. Aliyekuwa na cha kumpa mlinzi aliuza usiku. Aliyetii aliuza sufuria yake. Haya ndiyo yanayotuchoma moyo kuliko yote: utii uliadhibiwa, na ujanja ukapewa tuzo. Ni vigumu kwa katekista kuwafundisha watoto amri ya kutii wakubwa, mama yao akiwa ndiye mfano wa kile utii unachozaa.

Wa tano atasema: «Hayo yamepita. Mbona mwafukua kaburi?» Laiti yangalikuwa yamepita! Tarehe 18 Desemba 2020 ilianza amri ya kutotembea usiku toka saa tatu, na wanaouza jioni wakafungwa mara ya pili. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza hatari ya mpox, ugonjwa ulioenea hasa katika nchi yetu. Na vita je? Mwaka 2025 watu wa M23 waliingia Masisi mjini mwanzoni mwa Januari, Goma mwishoni mwa mwezi ule, na Walikale mjini mwezi wa Machi. Benki za Goma zikafunga, na mwenye butiki aliyeweka akiba yake humo akashinda njaa huku kitabu chake cha benki ki mkononi. Vita si ugonjwa, wala hatuvichanganyi. Lakini mlango uliofungwa hauulizi umefungwa na nani. Kwetu milango hufungwa mara kwa mara, na kila mara tunaanza upya kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kwa hiyo twataka mambo matatu kwa wakubwa wetu, nayo si makubwa. Kwanza, amri yoyote ya kufunga biashara isemwe pamoja na siku yake ya mwisho, na pamoja na kile ambacho mwenye biashara hatatozwa siku hizo. Pili, kabla ya kufunga, watu wa soko waulizwe namna ya kuuza pasipo hatari. Wao walijua soko lao kabla ya mganga kufika. Tatu, daftari la patanti na la ushuru liwe pia daftari la msaada: jina lililoandikwa kwa kutozwa liwe la kwanza kupewa. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha tangu mwaka 1891 kwamba dola yapaswa kuwaangalia maskini kwa namna ya pekee, kwa kuwa matajiri wana ngome zao wenyewe. Zaidi ya miaka mia na thelathini yatosha kwa kulisikia neno.

Lakini tusijifiche nyuma ya serikali. Ni rahisi kuipigia kelele Kinshasa, ambayo haitusikii, na kunyamaza mbele ya shirika letu, linalotusikia. Hebu tujitazame.

Sisi makatekista tulisimama mwezi ule wa Machi tukatangaza: fungeni, tiini, kaeni nyumbani. Tukatoka tukaenda kwetu, penye viazi vitamu nyuma ya nyumba. Hatukuuliza hata siku moja: nani hapa hula kwa kuuza? Kosa hilo ni letu, na twaliungama mbele yenu.

Ninyi wenye nyumba, mlitoza kodi ya chumba ambacho sheria ilikataza kukitumia. Mlikuwa na haki ya karatasi. Je, mlikuwa na haki ya moyo? Mwenye chumba angeweza kuchukua nusu, au kungoja. Chumba hakikuvunjika kwa kungoja. Aliyevunjika ni mtu.

Ninyi wenye butiki kubwa, mlioficha chumvi na mafuta siku mbili za kwanza ili myatoe kwa bei mpya, mnajua mlilolifanya. Wana wa Israeli walipojiwekea mana kupita mahitaji ya siku, ilioza na kutoa mabuu. Faida ile nayo ina harufu.

Na sisi sote tuliokula kwa deni, tumewahi kujiuliza benki ya maskini ni nani? Si ile yenye vioo mjini. Ni mama wa malewa na mwenye butiki mdogo, waliotuandika katika daftari bila riba, bila shahidi, kwa kutuamini sura tu. Miezi ile walitubeba. Mtu asiyemlipa huyo ameiba mara mbili: ameiba chakula, na ameiba imani ambayo ingemlisha mwingine kesho.

Likelemba zetu nazo zijifunze. Tumeona zikivunjika zote kwa mara moja, kwa sababu wote waliomo walifanya kazi ya namna moja. Likelemba ichanganye wauzaji na wakulima, na mwenye ng'ombe, na mwalimu. Kisha kila zamu iache sehemu kidogo kando, isiyoguswa ila siku ya mlango kufungwa. Shirika lenye nyumba ishirini laweza kununua sufuria moja kubwa kwa miezi michache. Twajua, maana tulipiga hesabu wenyewe, na tulipomaliza hesabu tuliona haya kwamba hatukuipiga mwaka 2020.

Mama yule siku hizi auza mandazi na chai mlangoni pa nyumba yake. Hana mabenchi, wateja husimama. Akiulizwa kwa nini hafungui malewa tena, hasemi neno juu ya serikali wala juu ya mtu. Hujibu tu kwamba sufuria ni ghali. Daftari lake bado analo, amelihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

Basi, ndugu wasomaji, tusiishie kutikisa kichwa. Kabla ya Jumapili ijayo kila mmoja wetu aende kwa mama aliyemlisha, au kwa mwenye butiki aliyemkopesha, amwulize: «Mama, jina langu limo?» Kama limo, alipe, na aongeze kidogo kwa sababu ya dola. Kama halimo, aulize ni jina la nani limo ambaye hawezi kulipa. Na yule bwana wa barazani, mvua itakapotukusanya tena, tunamwomba ampishe mama nafasi penye ukavu.